Siku Gari Liliporefuka Ganako

Wadogo zangu mnaoanza kushika mwiko, nawasalimu nikiwa nimekaa kwenye stuli, na hilo peke yake ni jambo jipya kwangu. Miaka yote niliyofanya ujenzi hapa Karatu sikuwahi kukaa kabla ya chai ya saa nne. Sasa nakaa. Nimestaafu. Msicheke! Najua mstaafu mnayemjua ninyi ana mvi na fimbo, na mimi vijana wa bodaboda bado wananiita dada mrembo wakitaka abiria. Lakini simenti haikuniuliza umri. Ilianza kuniwasha katikati ya vidole, ikaja kupasua ngozi, mwisho daktari akaniambia nichague kati ya mikono na mwiko. Nikachagua mikono, kwa sababu hiyo ndiyo ninayorudi nayo nyumbani.

Basi la kwanza ni hilo. Vaeni glavu. Zikitoboka msizifunge na nailoni mkasema zitafika Jumamosi. Na mkinawa, naweni kwa maji safi, siyo yale ya ndoo ya kuoshea miko, maana yale yana simenti kuliko ukuta wenyewe. Pakeni mafuta jioni. Mimi nilidhani kupaka mafuta ni mambo ya maharusi.

Siku hizi nalea miche ya parachichi na kahawa huku Ganako, hapa hapa Karatu. Udongo haukwaruzi, na mche hauna hasira ukiuchelewesha kidogo. Ila nikifumba macho naona kuta. Naona lipu mbichi inavyong'aa asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia mashamba, na mimi nimesimama mbele yake kama mtu aliyeamshwa katikati ya ndoto nzuri.

Kuota ndiko kulikonipa jina. Fundi wangu, Fundi Boay, Mwiraqw wa hapa hapa, mfupi, mwenye kofia ya sufu kiangazi na masika, hakuniita Paskalina hata siku moja. Aliniita Ndoto. "Ndoto, lete zege!" "Ndoto, huo ukuta unaupaka au unaubembeleza?" Nami nilikuwa kweli naubembeleza. Nikipaka lipu chumba cha kulala, nilikuwa nawaza atakayelala humo ataamkia upande gani, na jua litamfikia puani au miguuni. Fundi Boay alikuwa akisema hajawahi kuona saidia fundi anayewawazia watu wasiozaliwa.

Nataka niwasimulie kazi moja tu, ya banda la gari. Hapa kwetu ukisema gereji watu wanafikiria kule mjini kwa mafundi wa magari, kwenye oili na makelele. Mimi nasema gereji ya nyumbani, kile kibanda pembeni ya nyumba ambamo gari la mwenye nyumba linalala. Ni kazi ndogo. Wengi mtaidharau. Lakini ndiyo kazi ninayoiota zaidi, kuliko hata yale mahoteli ya mawe tuliyoyajenga ukingoni mwa kreta kwa watu wasiojua majina yetu.

Mwenye banda alikuwa Mama Glory, mtu wa Machame aliyekuja Karatu kuuza vitambaa, akaolewa na dereva wa watalii, naye wa kwao huko huko. Baba Glory alikuwa ameajiriwa kwenye kambi moja mbali sana, kaskazini mwa Serengeti, karibu na mto ule wanaovuka nyumbu. Alikuja nyumbani kama mgeni. Akija analala kidogo, anapakia nguo zilizofuliwa, anaondoka. Mara moja alipokuja, mtoto wao, Glory mwenyewe, alimwamkia, "Shikamoo anko." Mama Glory alinisimulia hilo akiwa anacheka, halafu akageukia sufuria na hakugeuka tena kwa muda.

Sasa Baba Glory alikuwa amepata gari lake mwenyewe. Land Cruiser, kuukuu lakini zima, lile la kupandisha paa ili wageni wasimame waangalie simba. Kuna ofisi moja ya utalii ilikuwa tayari kulichukua msimu mzima, kwa safari za siku moja za kushuka Ngorongoro kreta. Asubuhi anashuka, jioni anarudi Karatu. Anarudi nyumbani! Sharti lilikuwa moja: gari lilale ndani, chini ya paa, sakafu kavu, mlango wa kufuli. Magari yanayolala nje yalikuwa yakiamka bila vioo vya pembeni, na ofisi ilikuwa imechoka kuwaeleza wageni kwa nini dereva anageuza shingo kama bundi.

Ofisi ikilikataa gari, Baba Glory anarudi kaskazini.

"Fundi," Mama Glory alimwambia Fundi Boay siku ya kwanza, "mimi sitaki banda zuri. Nataka mume wangu alale nyumbani."

Fundi Boay akavua kofia, akaivaa. "Banda lenyewe liko wapi, mama?"

Lilikuwa nyuma ya nyumba. Stoo ya mahindi ya mwenyeji wa zamani, ya tofali za kuchoma, pana kiasi cha kuingiza gari, mlango mkubwa upande wa barabara na juu yake linta nzito ya zege. Bati limejaa matundu. Sakafu ni udongo wetu huu mwekundu, na ukutani kulikuwa na mstari unaoonyesha maji ya masika yalifika wapi. Mlango wa mbao ulikuwa umelala chini, kuku wameuzoea kama kitanda.

Na pesa ilikuwa kidogo. Mnaijua pesa ya namna hiyo, ukiitazama sana inazidi kupungua.

Hapa ndipo nataka mnisikilize kikazi. Mtu mwenye pesa kidogo akikuita, usianze kwa kumwambia kinachotakiwa kununuliwa. Anza kwa kuangalia kilichopo. Fundi Boay alizunguka lile banda asubuhi nzima bila kushika nyundo, akigonga tofali kwa kiungo cha kidole na kusikiliza. Nilidhani anapoteza muda. Mchana ndipo akasema, "Kuta ni nzima. Kenchi za paa ni nzima, ila mbili. Mlango ni mbao ya mkangazi, kuku wameukalia tu. Tunanunua simenti, misumari, na bati moja."

"Bati moja, fundi?" Mama Glory akashtuka. "Na matundu yote haya?"

"Matundu ni yangu, mama. Wewe pika makande."

Bati kuukuu halitupwi. Yale matundu mengi yalikuwa ya misumari iliyopigwa kwenye bonde la bati, mahali maji yanapopita. Msumari unapigwa kwenye mgongo, jamani, kwenye mgongo! Tuliyashusha yote, tukayapanga upya ili lenye afya lifunike linaloumwa, na kila tundu lililobaki tukaliziba kwa kipande cha tyubu ya baiskeli na lami ya moto. Lile moja la kununua lilikuwa la plastiki, linalopitisha mwanga, tukaliweka katikati. Mchana hakuna haja ya kuwasha taa, luku inapumzika. Jua likiingia pale linaanguka sakafuni kama mkeka, na mimi nilikuwa nasimama kwenye huo mkeka kwa visingizio mbalimbali.

Mbao tulizipaka oili chafu tuliyopewa bure kwa mafundi wa magari, maana mchwa wa Ganako wangekula hata Biblia ukiisahau chini. Inanuka wiki mbili, halafu inasahau. Mchanga niliufinya mkononi kabla ya kuchanganya. Ukifungua kiganja na kimebaki kichafu, mchanga una udongo, uoshe. Ninyi mnapima kwa macho. Na usawa tulipima kwa mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mmoja huku mwingine kule, maji yakitulia ndiyo ukweli. Siku hizi namwona kijana ameweka simu juu ya tofali, anaangalia kipovu cha kuchora. Sikatai. Ila simu ikiita katikati, ukuta unakwenda na mpenzi wako.

Tatizo lilikuwa sakafu. Ili maji ya masika yasiingie, jamvi, yaani zege la sakafu, lilitakiwa lipande juu. Na jamvi likipanda, gari linapanda nalo, na linta iko pale pale, haiendi kokote. Yale magari ya watalii ni marefu, yana paa la kuinuka na keria ya mizigo juu yake. Kwa hiyo tulihitaji kujua urefu wake sawasawa. Gari lenyewe halikuwepo. Baba Glory alikuwa ameshaanza kulitumia kwa safari ya wageni wake wa mwisho wa kambini, yuko juu ukingoni mwa Ngorongoro.

Mama Glory akampigia, akaweka spika.

"Baba Glory, fundi anataka urefu wa gari. Kutoka chini mpaka juu kabisa."

"Sasa hivi?"

"Zege linachanganywa kesho."

"Basi ngoja, niko hapa hotelini, wageni wameshapanda, tunataka kushuka kreta. Nipe dakika." Tukasikia upepo wa kule juu kwenye simu, milango, mtu anacheka kwa Kizungu, na Baba Glory akiazima futi kwa fundi wa hoteli. Akarudi na namba. Akaongeza, "Mwambie fundi paa nimelifunga vizuri. Nimepima na keria."

Fundi Boay akaridhika. Alipanga hesabu yake kwa kijiti ukutani. Akaacha vidole vitatu kati ya gari na linta, na kilichobaki chote akakipa jamvi, ili lipande juu ya ule mstari wa maji.

Wadogo zangu, jamvi lile! Tulilimwaga siku ya ukungu, na ukungu ni rafiki wa zege, halikauki haraka. Fundi Boay alinyoosha kwa ubao, mimi nikasugua kwa mwiko wa chuma nikirudi nyuma kwa magoti, kuanzia ukutani hadi mlangoni. Nilipofika mlangoni nikainua macho. Lilikuwa limelala kimya, la kijivu linalong'aa, na mwanga wa lile bati ulikuwa unaelea juu yake kama kwenye ziwa la kule chini kreta asubuhi, kabla upepo haujaamka. Nilikaa pale kizingitini nikawaona flamingo wakishuka. Kabisa. Mmoja baada ya mwingine, miguu mirefu, wanakanyaga zege langu bila kuacha alama.

"Ndoto," Fundi Boay akasema nyuma yangu kwa upole ambao hakuwa nao mara nyingi, "hiyo sasa ni sakafu."

Tulilifunika kwa magunia, tukawa tunamwagia maji asubuhi na jioni. Msilikimbize zege. Likikauka kwa jua linapasuka, likinywa taratibu linakuwa jiwe. Hili lilinywa taratibu. Likawa jiwe hasa, na mtaona jinsi nilivyokuja kujutia ugumu wake.

Baba Glory alirudi siku ya Alhamisi, alasiri. Alikuwa amewashusha wageni Arusha, akaja moja kwa moja, gari limeoshwa, yeye mwenyewe ametoa miwani ya jua. Mtu wa ofisi alikuwa aje kukagua kesho yake. Majirani walikuwa wamekusanyika, maana kwetu gari jipya ni kama mtoto mchanga, lazima uje useme limefanana na nani. Nyumba ya pili kulikuwa na kina mama wa kwaya ya kanisani wakifanya mazoezi, nao wakaacha wimbo katikati wakaja.

Tukafungua mlango wa mkangazi. Baba Glory akaingia kwenye gari, akalipeleka polepole, magurudumu ya mbele yakapanda jamvi, na halafu tukasikia *kriiii*.

Keria ilikuwa imegusa linta.

"Paa!" Fundi Boay akapiga kelele. "Hujafunga paa!"

"Nimefunga!"

Wakapanda, wakalisukuma paa kwa mikono, wakalirukia kidogo. Lilikuwa limefungwa. Akajaribu tena. *Kriiii*. Fundi Boay akachukua mpira wa maji, akapima jamvi pembe zote kama mtu anayemtuhumu mwanawe wa kwanza. Jamvi lilikuwa sawa kama alivyolipanga. Akapima gari. Akapima tena. Akakaa chini.

"Gari limerefuka," akasema.

Watu wakacheka. Jirani mmoja akauliza kama kule Serengeti lilikuwa linanyonya twiga. Baba Glory hakucheka. Alikuwa anaitazama linta kama mtu anayetazama basi lake likiondoka.

Mama Glory ndiye aliyenyamazisha kicheko. "Baba Glory. Siku ile ulipimia wapi?"

"Si nilikwambia, kule hotelini."

"Wageni walikuwa wapi?"

"Ndani ya gari. Tulikuwa tunaondoka."

"Wangapi?"

"Sita." Akaanza kusema polepole. "Wazungu wanene kidogo. Na friji ya maji. Na mabegi yao, walikuwa wanahama hoteli. Na spea mbili. Na tangi nimetoka kulijaza..."

Tuliligeukia gari wote pamoja. Limesimama juu ya springi zake, tupu, jepesi, limenyanyuka kama mbuzi aliyeona mwenzake akichinjwa. Gari la safari lina urefu wa aina mbili, wa kushiba na wa njaa, na sisi tulilijengea kitanda cha kushiba.

Hapo hapo simu ya Baba Glory ikaita. Dada wa ofisi. Alikuwa amemaliza shughuli zake kwenye hoteli moja hapa Karatu mapema, kwa hiyo anapita leo leo, yuko njiani, wamwelekeze.

Mama Glory alishika kichwa. Mimi niliona midomo yake ikisema neno "kaskazini" bila sauti.

Sijui ni nani aliyewaza kwanza. Nafikiri tuliwaza wote kwa pamoja, maana macho yetu yote yalikwenda kwa kwaya.

"Kina mama," Fundi Boay akasema, amevua kofia kabisa, "naomba mpande gari."

"Tunaenda wapi?" Mama Anna akauliza. Huyu alikuwa kiongozi wa sauti ya tatu, mama mkubwa, mkarimu, aliyejaza mlango wowote alioupita.

"Mnaenda hatua tano. Wewe kaa nyuma kabisa, mama. Wewe ndiye nondo yetu."

"Boay, leo ndiyo umeona faida ya mwili wangu? Juzi kwenye benchi la kanisa ulinikimbia kama nina moto!"

"Juzi sikuwa na linta, mama. Panda."

Wakapanda wakicheka, wakabanana, na vijana wawili wakaongezwa mbele. Springi zikalalamika. Gari likashuka, likashuka, kama ng'ombe anayepiga magoti. Baba Glory akalipeleka kwa pumzi iliyoshikwa. Keria ikapita chini ya linta na nafasi ya vidole vitatu, vile vile alivyoacha Fundi Boay. Watu wakapiga vigelegele.

Ilikuwa furaha fupi. Banda lilikuwa pana kiasi cha gari, siyo kiasi cha gari na milango iliyofunguliwa. Wembamba walijipenyeza. Mama Anna alitoa mguu, akatazama nafasi, akaurudisha. "Mimi nimefika," akasema. Wengine wanne wakabaki naye, kwa mapenzi na kwa maumbile.

Ndivyo dada wa ofisi alivyotukuta. Msichana mwembamba, viatu vya kuendea porini, kalamu sikioni. Akachungulia ndani ya banda. Ndani ya gari, kivulini, nyuso tano na vitenge vitano zikamwangalia.

"Karibu, mwanangu," Mama Anna akasema.

"Asante, shikamoo." Akatugeukia. "Hawa ni nani?"

Baba Glory akafungua mdomo. Nadhani angesema ni wageni, au ni familia wanajaribu viti. Mama Glory akamtangulia.

"Dada, nisikudanganye. Gari hili haliingii bila wao. Lilipimwa likiwa limejaa." Akaeleza yote, hoteli, wageni, friji. Hakuacha kitu. "Banda ni kavu, lina kufuli, halivuji. Limebaki hilo tu. Mimi naomba, ukilikataa gari, likatae kwa sababu nyingine."

Yule dada alijitahidi. Aliuma midomo, akaangalia angani, akaangalia viatu. Halafu Mama Anna akapiga chafya mle ndani na gari zima likatikisika, na hapo dada akashindwa. Alicheka mpaka akashika mlango. Alipomaliza akafuta macho, akawa mtu wa ofisi tena.

"Mama, getini kreta wanafungua alfajiri. Utawaamsha hawa kila siku?"

"Mimi naamka," Mama Anna akasema. "Ila na mimi nipewe nafasi ya kushuka kreta."

"Nina gari lingine la kukagua Mto wa Mbu. Nitalikagua, nitarudi Jumatatu asubuhi. Nikiona dereva mmoja, peke yake, gari tupu, linaingia, kazi ni yenu. Likigusa, nalichukua la Mto wa Mbu. Sitakuwa na jinsi."

Alipoondoka tulirudisha kwaya kinyumenyume.

Fundi Boay aliigonga linta kwa kiungo cha kidole, akasikiliza, akatikisa kichwa. Tukiibomoa, ukuta wa juu unakuja nao, na pesa ya kuujenga haipo. Halafu akaja akachuchumaa karibu na mimi, akaweka kiganja juu ya jamvi.

"Ndoto," akasema. "Unajua."

Nilijua. Linta haipandi na gari halipungui. Kilichobaki ni ziwa langu.

Ijumaa na Jumamosi tulilitoboa. Siyo lote. Njia mbili tu, za matairi, kila moja pana kidogo kuliko gurudumu, kutoka mlangoni hadi mwisho. Tindo na nyundo, tindo na nyundo. Lile zege nililolinywesha maji kama mgonjwa lilikataa kata kata. Tindo iliruka, cheche zikatoka. Nililia kidogo, nitakuwa mwongo nikisema ni vumbi. Baba Glory alivua shati la kazi, akashika nyundo ya pili, mikono yake ya usukani ikatoka malengelenge, na Mama Glory akawa anazoa vipande kwa karai. Kulikuwa na mlio wa vyuma tu, na mvuke wa makande.

Jumapili hatukufanya. Fundi Boay hafanyi kazi Jumapili hata paa likiungua. Nilikaa kanisani nikiwaza vidole, vingapi vimebaki, vingapi vinatosha.

Na sikilizeni niliyojifunza humo, maana ndiyo siri ya banda la pesa kidogo. Banda la gari halihitaji sakafu nzima. Gari linakanyaga mistari miwili. Mwageni zege mistari miwili ya chini, katikati mjaze kokoto, oili ikidondoka inanyonywa, maji yakiingia na matairi yanapata pa kwenda, na simenti inabaki karibu nusu. Tungefanya hivyo tangu mwanzo tungepata kimo, tungepata pesa, na mimi nisingelia. Tangu hapo sijamwaga jamvi zima kwenye banda la gari la mtu yeyote. Tangu hapo pia hatukupima gari bila kuuliza kwanza: limekula?

Jumatatu dada alikuja asubuhi mapema, ukungu haujaondoka. Hakuketi. Baba Glory akapanda peke yake. Alikuwa ametoa spea, ametoa hata jeki, ili gari liwe na njaa kuliko litakavyokuwa siku yoyote. Akalipanga matairi na zile njia mbili, akaachia breki. Likashuka ndani ya njia taratibu, keria ikaikaribia linta. Fundi Boay alikuwa amesimama pembeni, kidole kimoja juu ya keria, macho yamefumbwa. Gari likapita. Kidole hakikubanwa.

Dada aliingia ndani, akatikisa kufuli, akaangalia juu kwenye bati, akaangalia sakafu na mifereji yake miwili. "Imekaa vizuri hii," akasema. "Kama mlipanga." Akampa Baba Glory mkono. "Kesho alfajiri una wageni wanne."

Mama Glory aliingia ndani ya nyumba akafunga mlango. Hatukumfuata.

Jumanne jioni, sijui kwa nini, watu wote wa mtaa ule walikuwa na shughuli karibu na banda. Mimi nilikuja kuchukua karai ambalo lingeweza kusubiri. Fundi Boay alikuja kuangalia kama lami imekauka, wakati ilikauka siku nyingi nyuma. Mama Anna alikuwa anapita tu, akiwa amesimama. Mawingu yalikuwa yanamwagika kutoka kule juu ukingoni kama maziwa yaliyochemka, na jua lilikuwa chini, na kila gari lililotoka upande wa kreta tulikuwa tunalitambua kuwa siyo.

Halafu likawa ndiyo. Jekundu kwa vumbi, taa zimewashwa. Akatupungia. Akapanga matairi mara moja, akaingia, hakugusa. Injini ikazimika.

Tukangoja ashuke. Hakushuka.

Tukangoja tena. Glory alikuwa amebebwa mgongoni na mama yake, anauliza maswali. Fundi Boay akakohoa. "Labda kuna kitu kimekwama," akasema, na nikaona anaanza kuangalia linta.

Mama Glory akaingia, akajibana ubavuni mwa gari hadi dirisha la dereva. Akasimama pale. Alipotoka alikuwa ameweka kidole mdomoni.

"Amelala," akasema. "Amelala kwenye usukani, na mkanda bado kaufunga."

"Nimwamshe?" Mama Anna akanong'ona, kwa sauti iliyofika barabarani.

"Mwacheni," Mama Glory akasema, akausukuma mlango ule wa mkangazi taratibu mpaka ukabaki upenyo mdogo wa hewa. "Si yuko nyumbani?"